Uliza Mzee wa Vitrini: Ndege ya kuchungulia unaijulia pua

Toleo lililopita niliweka foto ya vitrini yangu ya hapa Makomeno, Lubumbashi, na nikasema kwa mstari mmoja tu kwamba maketi za ndege za kupiga bomu nimeziacha, sasa nakusanya zile za upelelezi peke yake, zile zenye zinaenda kuchungulia na kurudi na picha. Mstari mmoja! Simu haikulala wiki mbili. Kumbe mji huu umejaa watu wanaoficha vindege vya chuma ndani ya kabati wakiogopa kuchekwa. Barua nimezipunguza urefu lakini lugha ya mtu nimeiacha vile alivyoandika.

Yaya, jambo yako. Nilinunua ka ndeke ka jeti ku soko ya Kenya kwa bale benye banauzishaka bintu bya Ulaya. Anasema ni chuma safi na tena ni ya kupeleleza, haina ya kupigana. Nikaleta sumaku ya bafle, haishike ata kidogo. Njo kusema alinidanganya, ni plastiki? Na ile ya kupeleleza nitaijua namna gani? (Fundi redio, komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi)

Fundi, kwa chuma hakukudanganya, sumaku yako ndiyo imekuangusha. Hizi ndege hazitengenezwi na chuma kile cha misumari, zinatengenezwa na zamak, ni kusema zinki karibu 96 kwa mia, aluminiamu kama 4, halafu magnesiamu na shaba kidogo sana, na hakuna hata kimoja hapo chenye kinaita sumaku. Jina lenyewe ni herufi za mwanzo za hayo madini kwa Kijerumani, shaba kwao ni Kupfer ndiyo maana mwisho kuna K. Wanayeyusha, wanasukuma kwa nguvu ndani ya kalibu, inaganda palepale, inatoka bawa. Kwa hiyo sumaku rudisha ndani ya bafle. Weka ndege kwenye shavu asubuhi mapema, zamak ni baridi kama kikombe cha bati, plastiki haina baridi hiyo. Igonge na ukucha, usikie. Na usishangae vipande vingine vikiwa plastiki kweli, kioo cha rubani, magurudumu, antena, mara nyingi hata ncha ya pua, watengenezaji wenyewe ndivyo wanafanya: Hobby Master anafanya hivyo, Corgi anafanya hivyo, Century Wings pia, huo si wizi.

Sasa ya upelelezi. Nilimwomba fundi anitumie foto ya pua tu, sikutaka kuona kitu kingine, akatuma tatu, ya tatu ndiyo ilikuwa safi. Chini ya kidevu kuna kidirisha bapa kama kioo cha saa ya mkononi, na ubavuni mwa pua kuna kingine, na pua yenyewe ni ndefu nyembamba kuliko Phantom, jeti za F-4 za Wamarekani, zile tumezoea kuona. Basi, ni RF-4. F-4E ya kupigana iko na mzinga chini ya pua, unauona umevimba kama mtu mwenye jino bovu, lakini RF-4 haina mzinga, pale pa silaha na rada kubwa wamepanga kamera. Ile R mbele ya F ndiyo inasema upelelezi. Wajapani walizirusha za kwao mpaka 2020, kwa hiyo ukikuta yenye duara jekundu usidhani ni ya zamani za babu.

Ukiwa na mazoea ya kutazama pua hakuna muuzaji wa kukuchezea. MiG-25 ya Wasovieti, ile ya kuzuia ndege za adui, iko na pua nene ya rada, ile ya kupeleleza yenye herufi R pua yake imechongoka na ina madirisha chini yake. Wauzaji wengi wanachanganya na bei wanapandisha tu. Wengine watakuuzia A-12 wakisema ni SR-71, ndege za upelelezi za Wamarekani za mwendo mkali, zote nyeusi, zote ndefu, lakini A-12 ilikuwa ya CIA na ndani alikaa mtu mmoja, SR-71 walikaa wawili, rubani na nyuma yake mtu wa mitambo. Hesabu vioo tu, maneno yanaisha.

Mukubwa, SR-71 yangu ilikuwa muzuri, sasa ku bawa kunatoka malengelenge na pembeni kuna ufa. Rafiki anasema ni ugonjwa, itaambukiza zingine, nitupe. Niko na huzuni kabisa. (Mwalimu, Kampemba)

Pole mwalimu. Mbele ya kulia tutofautishe vitu viwili. Kama ni malengelenge peke yake, ni kusema rangi imeinuka na ukiikwangua polepole chini yake chuma ni kizima, hiyo ni rangi mbaya au unyevu uliingia, ndege itaishi. Lakini ufa wenye umepita ndani ya chuma, bawa limeanza kujipinda, milango ya magurudumu haifungiki tena juu mwili umevimba, hapo ni kile wakusanyaji wanaita tauni ya zinki, na dawa haina. Sio kole, sio rangi, hakuna.

Chanzo chake ni kitu sisi watu wa huku tulipaswa kukijua kuliko wengine wote. Zamak inataka zinki safi sana, 99.99 kwa mia, na adui mkubwa wa hiyo zinki ni risasi, yale madini ya risasi. Chembe kidogo tu ikiingia kwenye sufuria, labda mtu kiwandani ametupia mabaki ya chuma kingine apunguze matumizi, basi siku ile ndege inatoka inang'aa haina kasoro, lakini ndani, kati ya punje na punje, unyevu unaanza kula taratibu, miaka inapita, halafu siku moja unafungua kabati unakuta ufa. Na ndani ya mwamba zinki na risasi mara nyingi zinakaa pamoja kama mapacha, mchimbaji yeyote atakwambia, kazi ni kuzitenganisha. Pale Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, mgodi ulifunguliwa 1924, ukafungwa 1993, na 2024 umeanza tena kutoa zinki, kwa hiyo nikishika ndege mpya mkononi huwa nacheka peke yangu, nani anajua, labda miaka inayokuja bawa la jeti ya Wamarekani litakuwa lilitoka Kipushi likaenda China likarudi kwangu kwa dola 100.

Lakini ona ile SR-71 yenyewe. Zilitengenezwa 32. Kumi na mbili zilipotea kwa ajali, na hakuna hata moja iliyoangushwa na adui, waliirushia makombora wakachoka, haikupigwa. Halafu ya mwalimu iko ndani ya kabati Kampemba, hakuna vita, hakuna kombora, inauawa na risasi. Kiswahili nacho kina utani wake.

Kuambukiza haiambukizi, hapo rafiki yako ametia chumvi. Kama ndege zingine zinapasuka pia ni kwa sababu zilitoka kwenye sufuria moja au zinakaa pamoja kwenye unyevu. Usiitupe. Iondoe kwenye ukuta wa bafu (najua iko hapo, foto yako inaonyesha vigae), iweke pakavu, mbali na dirisha, na masika ukiweza weka vile vipakiti vya silika, vya kunyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya sanduku la viatu. Itachelewa kufa. Ya kwangu moja nina nayo hivyo mwaka wa sita, bawa limeinama kama la kuku mgonjwa na bado naipenda.

Wengine wameniuliza kama SR-71 ya vitrini ni titani kama ile ya kweli. Hapana bwana. Ya kweli ndiyo ilikuwa titani karibu mwili mzima, juu ya joto la mwendo, na titani nyingi Wamarekani waliinunua Urusi ya Kisovieti kwa kujificha nyuma ya makampuni ya bandia, ni kusema jirani amekuuzia mbao na wewe umetengeneza ngazi ya kumchungulia juu ya ukuta wake.

Mzee, babu yetu alikuwaka na kazi ku Kamina, ku baze, miaka ya 60. Alikuwa anatuambia kulikuwa ndeke nene sawa pipa, fupi, ya bazungu ba ONU, siye tunacheka tu. Iko kweli? Na kama iko kweli nitapata maketi yake wapi? (Mjukuu, Katuba)

Mjukuu, hii barua nimeisoma mara nne. Babu hakutania, na neno alilotumia ni lenyewe kabisa, kwa sababu Waswidi wenyewe wanaiita Tunnan, na tunnan kwa lugha yao ni pipa. Ni Saab 29. Ukiitazama kwa mbele unaona mdomo wa duara ulio wazi, mwili mnene, kioo cha rubani kimekaa juu kama kifuniko, na mkia mwembamba umetoka nyuma kama vile mtu ameuongeza baadaye.

Nitafupisha historia kwa sababu kila familia hapa iko na Katanga yake na sitaki kuamsha vita ya mezani. Septemba 1961 upande wa Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, ulikuwa na Fouga Magister moja yenye kuruka, kajeti ka mafunzo chenye mkia wa V, na hiyo moja tu iliwasumbua askari wa Umoja wa Mataifa vibaya sana, mpaka Jadotville, ni kusema Likasi, juu wao hawakuwa na jeti hata moja ya kuijibu. Oktoba Uswidi ikatuma Tunnan 5 aina ya J 29B. Wahindi wakaleta Canberra, jeti za kupiga bomu. Halafu mwaka 1962 Waswidi wakaongeza J 29B 4 zingine na, hapa ndipo kwa ajili yangu moyo unadunda, S 29C mbili. J kwao ni uwindaji. S ni upelelezi. Kwenye J kuna mizinga 4 ya milimita 20 chini ya pua, kwenye S mizinga imetolewa na pahali pake wameweka kamera.

Hizo mbili ndizo zilikuwa zinapita juu ya viwanja vya ndege vya Katanga kupiga picha, ndege ngapi zimeegeshwa, ziko upande gani. Mwisho wa Desemba 1962 J zikaenda Kolwezi na kuharibu ndege zilizokuwa chini, na Januari 1963 mambo ya kujitenga yakaisha. Risasi walizopigwa kutoka chini zilikuwa nyingi na hakuna Tunnan iliyoanguka kwa risasi. Na ujue, ni hapa kwetu jeti za Uswidi zilipigana kwa mara ya kwanza, sio Ulaya, ni hapa.

Sasa sikia mwisho wake. 1963 wakati wa kurudi, 4 zilirushwa mpaka Uswidi. Zilizobaki walipiga hesabu, wakaona kuzirudisha ni gharama kubwa kuliko faida, wakaziharibu palepale Kamina. Kama babu alikuwa baze miaka ile labda aliona. Muulizeni kama yuko hai, na kama hayuko, ulizeni majirani zake wa Kamina nani alipata vipande vya aluminiamu na vilikuwa sufuria ya nani, mimi nikipata jibu la hilo swali nitanunua soda ya ofisi nzima.

Maketi: ya chuma tayari usiitegemee sana, Tunnan inapatikana zaidi kwa plastiki ya kuunga mwenyewe. Heller ya Ufaransa walitoa ya 1/72, ni kusema imepunguzwa mara 72, Matchbox nao walitoa ya kwao, na visanduku vya zamani bado vinazunguka kwa watu. Ya kwangu ni Heller. Inalala kwenye kiganja, urefu sentimita 14 na mabawa 15, yaani ni pana kuliko ilivyo ndefu, ukiizungusha kwenye vidole unaelewa neno pipa bila kuelezwa. Niliziba mashimo ya mizinga na mastiki nikapiga msasa usiku mbili, nikatoboa kidirisha chini ya pua na ncha ya kisu kilichochomwa moto, nikajaza tone la kole nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa wazi kama kioo. Imekaa katikati ya vitrini, mbele ya SR-71. Wageni wanauliza kwa nini kale kadogo kako mbele. Nawaambia ile nyeusi haikunitafuta mimi, haka kalipiga picha nyumbani kwetu.

Mzee shikamoo, mimi ni wa Bukavu. Mwaka 1996 nilikuwa mtoto, tulikuwa tunasikia ndege juu sana, wakubwa walikuwa wanasema ni za kutafuta wakimbizi na picha. Ilikuwa ndege gani? Kuna mfano wake wa chuma? (Mama wa Kadutu)

Marahaba mama. Ile wewe uliyoisikia siwezi kuapa, siku zile angani kulipita mengi. Lakini Novemba ya mwaka huo Waingereza waliweka Canberra PR.9, ile Canberra ya upelelezi, pale Entebbe, ikawa inapita juu ya mashariki ya Zaire kupiga picha kutafuta watu waliotawanyika porini. Hiyo ni kazi moja kati ya chache za ndege za vitrini yangu yenye haikuwa ya kumtafutia mtu wa kupigwa. PR.9 ilistaafu Julai 2006. Mfano wa chuma upo, Corgi walitoa 1/72, mabawa karibu sentimita 29, mzito, unahitaji mikono miwili. Tazama pua, kama kawaida: kioo cha rubani hakiko katikati, kimesogea kushoto, na mwenzake wa kusoma ramani anakaa ndani ya pua yenyewe, ya kweli inafunguka pembeni kama mlango wa friji ili aingie.

Mume wangu ananunua ndege za watoto kwa makuta ya nyumba. Sasa anataka moja nyeusi anasema ni sentimita 45. Tuko na chumba mbili. Mwambie. (Mama mapacha, Ruashi)

Mama, namwambia. Papa mapacha, 1/72 maana yake mita 72 za kweli zinakuwa mita 1. SR-71 ni mita 32.7, gawanya, inakupa sentimita 45 na nusu, urefu wa meza ya mtoto wa shule, na bei yake sasa ni mamia ya dola kwa zile za Century Wings. Chukua 1/200, ni sentimita 16, inakaa juu ya televisheni na hakuna anayegombana. U-2, ndege nyingine ya upelelezi ya Wamarekani, nayo usiikimbilie ukidhani ni ndogo, mwili ni mfupi lakini U-2S mabawa yake kwa 1/72 yanafika sentimita 43, mapacha watayavunja siku ya kwanza. Makuta ya nyumba ni ya nyumba.

Mtoto alivunja ule mchuma mwembamba wa pua. Nibandike na superglu? (Asiyetaka jina, Bel-Air)

Simama hapo! Superglu ikiwa karibu na kioo inatoa moshi, na moshi unaganda juu ya kioo unakuwa ukungu mweupe wenye hautoki. Mimi niliharibu hivyo RF-4 nzuri usiku wa kukatika umeme, nilikuwa na mshumaa, nikaona kazi imeisha nikaenda kulala na furaha, asubuhi rubani anaonekana kama yuko ndani ya sauna. Kole nyeupe ya mbao, tone moja kwa kijiti cha meno, acha mpaka kesho. Na vumbi letu jekundu la kiangazi ondoa na brosi mpya ya poda, kavu. Usipake alkoli wala petroli, zile alama na namba zimepigwa kwa wino mwembamba, zinaondoka na kitambaa.

Koli yangu kutoka China imekaa mpakani, wanasema ni silaha. (Kijana wa Kamalondo)

Ilinipata mara moja njiani, sitasema wapi, mtu alishika sanduku mbali na mwili wake kama nyoka. Mwambie muuzaji aandike juu ya karatasi: maketi ya ndege, mapambo, bila injini, na abandike foto ya kitu chenyewe na bei ya kweli. Bei ya kweli nimesema. Halafu nenda asubuhi mwenyewe na risiti, usitume mtu, ukiifungua mbele yao na wakaona magurudumu ya milimita 5 mara nyingi kicheko kinamaliza shauri.

Mzee, nina miaka 9. Kama SR-71 haina bunduki, adui akiifuata inafanya nini? (Kupitia simu ya mama, Ruashi)

Inaongeza mwendo tu, mjukuu. Tarehe 28 Julai 1976 ilipimwa kilomita 3,529 kwa saa na bado hakuna jeti yenye rubani ndani iliyovunja rekodi hiyo. Ingetoka Luano, uwanja wetu wa ndege, mama yako anaweka maji ya bukari kwenye moto, maji yanachemka, anapika, mnanawa mikono, yenyewe imeshafika Kinshasa, dakika 27 hivi. Chini kwenye uwanja ilikuwa inavuja mafuta kama gari bovu, kwa sababu vipande vyake viliachiwa nafasi, huko juu vikipata moto vinatanuka na kuziba. Omba mama akulete Makomeno jumapili nikuonyeshe. Nitaifungua vitrini, utaishika kwa tumbo na mikono yote miwili, pua usiguse.